Naomba ushauri: Niyaamini kwa kiasi gani magazeti ya karne ya 19 katika kuandika habari za Moses Fleetwood Walker?

MwanafunziOhio:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa makala ndefu ya Kiswahili kuhusu Moses Fleetwood Walker, mdakaji mweusi aliyeichezea timu ya Toledo, jimboni Ohio, mwaka 1884, wakati timu hiyo ilipokuwa katika American Association, mojawapo ya ligi kuu za besiboli ya kulipwa nchini Marekani. Kwa wasioufahamu mchezo huo, mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira wa mrushaji, kazi ambayo enzi hizo wengi waliifanya bila glovu ya maana, wakaishia na vidole vilivyopinda.

Nimekwama kwenye vyanzo. Magazeti ya Toledo yanamweleza kuwa muungwana, msomi aliyepitia chuo cha Oberlin, na tegemeo la timu. Mengine yanaitaja rangi yake kabla hata ya kusema alifanya nini uwanjani, na wakati mwingine yanatumia maneno ya kumdhalilisha. Je, niyape uzito yapi, na maneno hayo niyatafsiri au niyaache?

MzeeWaMaktaba:
Ndugu yangu, kabla ya kuuliza gazeti limesema nini, uliza gazeti ni la nani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wamiliki wa magazeti wa wakati huo walikuwa na ngoma zao wenyewe. Chukua kashfa ya Louisville ya mwaka 1877, ambapo wachezaji wanne wa timu ya huko walifungiwa maisha katika sakata la kuuza mechi. Aliyewashuku mapema kwenye gazeti la Courier-Journal ni John Haldeman, ambaye baba yake ndiye aliyelimiliki gazeti hilo na papo hapo alikuwa rais wa klabu. Mwandishi huyo aliwahi hata kuichezea timu hiyo mechi moja! Hayo hayaufanyi uchunguzi wake kuwa wa uongo, lakini yanakuonyesha kwamba kati ya chumba cha habari na ofisi ya klabu hapakuwa na ukuta. Henry Chadwick naye, ambaye wengi humheshimu kama baba wa uandishi wa besiboli, alihariri kwa miaka mingi kitabu cha mwaka kilichotolewa na kampuni ya Albert Spalding, mwenye timu ya Chicago.

Kwa hiyo sifa za magazeti ya Toledo zisome ukijua kwamba Walker alikuwa mchezaji wao. Tarehe 10 Agosti 1883, Chicago walipokwenda Toledo kwa mechi ya kirafiki, nahodha wao Cap Anson alikataa timu yake kucheza na mtu mweusi. Walker alikuwa na mkono unaouma na alipangwa kupumzika, lakini meneja Charlie Morton alimwingiza makusudi, na Anson akalegeza msimamo alipoona kwamba mapato ya mlangoni yangempita. Gazeti la Toledo Blade lilimtetea Walker waziwazi. Lilikuwa linamtetea mtu mweusi, au lilikuwa linaitetea timu ya nyumbani? Mimi nadhani ni yote mawili, na makala yako ingepaswa kulisema hilo.

BintiMvita:
Kuhusu maneno ya matusi, ushauri wangu ni mfupi: yataje mara moja, pale ambapo msomaji lazima aone ukali wake, kisha uendelee kwa lugha yako mwenyewe. Ukiyarudia kila aya utakuwa unamtukana marehemu kwa mara ya pili, na ukiyafuta yote utayasafisha magazeti ambayo hayastahili kusafishwa.

Mtafiti_K:
Ninakubaliana na waliotangulia, ila ningeongeza suala la wakati. Tofautisha taarifa iliyoandikwa siku ya mechi na kumbukumbu iliyochapishwa miaka mingi baadaye. Tony Mullane, mrushaji wa Toledo, alinukuliwa na gazeti mwaka 1919 akikiri kwamba Walker ndiye mdakaji bora aliyepata kufanya naye kazi, lakini kwa chuki ya rangi alikuwa akipuuza ishara zake za kumwonyesha mpira wa kurusha, na kurusha mpira wowote aliotaka. Huo ni ushahidi mzito, lakini umetolewa baada ya miaka 35. Ukisoma taarifa za mwaka 1884 zinazohesabu mipira iliyomponyoka Walker, weka kauli hiyo kando yake, kwa sababu mwandishi aliyeketi jukwaani hakujua kwamba mdakaji alikuwa akibahatisha.

Hata taarifa ya siku ile ile inaweza kupotoka. Tarehe 14 Julai 1887, Anson na Chicago walipokutana na timu ya Newark, mrushaji mweusi George Stovey hakucheza, na uwanjani ikatangazwa kwamba amenuna. Baadaye gazeti la Newark liliandika kwamba Anson ndiye aliyemkataa. Msomaji aliyeishia kwenye tangazo la kwanza angeondoka akiamini kuwa Stovey ni mtu wa visirani. Siku hiyo hiyo, viongozi wa International League, ligi ambayo Newark ilikuwa ikichezea, waliazimia kutoidhinisha tena mikataba ya wachezaji weusi.

MwanafunziOhio:
Nawashukuru sana. Mzee wangu, swali moja limebaki: je, kuna mahali ambapo wachezaji hao wenyewe wanasikika, bila kupitia kalamu ya mwandishi?

MzeeWaMaktaba:
Wapo. Weldy Walker, mdogo wake Fleetwood, ambaye naye aliichezea Toledo mwaka huo wa 1884, aliandika barua ya wazi kwa kiongozi wa Tri-State League, ligi nyingine ya besiboli, kupinga kufungiwa kwa wachezaji weusi, na gazeti la michezo la Sporting Life likaichapisha Machi 1888. Itafute uisome yote, usitosheke na vipande vinavyonukuliwa. Fleetwood mwenyewe alitoa kijitabu mwaka 1908 akiwashauri Wamarekani weusi wahamie Afrika. Kwa kuwa unawaandikia wasomaji wa Kiswahili, mimi ningekipa kijitabu hicho nafasi kubwa kuliko taarifa za mechi.