Hoteli za sushi huku Unguja acheni kutuzuga na hilo neno "endelevu"

Wadau salama? Mie nna hasira tangu jana wallahi, bora nizitapike humu.

Shemeji yangu kaja kutoka Dar akatutoa mie na dada kwenda kula sushi, ile ya Kijapani ya wali na samaki mbichi, hoteli moja huku kusini, jina silitaji. Ukurasa wa mwanzo wa menyu wamechora kobe na maandishi ya kijani makubwaa, eti samaki wetu wote ni endelevu, yaani wamevuliwa bila kuwamaliza baharini. Nkasema mashaallah. Ikaja sahani ya pweza, jamani, minyiri myembamba kama penseli, kile ni kitoto, nusu kilo hakifiki hata ukikipima na maji yake.

Sasa mama yangu mie ni mchokoa pweza. Kijijini kwetu mwamba unafungwa miezi mitatu pweza wakue, kama wanavyofunga Kisiwa Panza kule Pemba, na kweli wanakua, siku ya kufungua unaona mtu anatoka na dude la kilo tatu. Lakini hiyo miezi mama anakaa tu anautazama mwamba, bamvua, yale maji yanayokupwa sana mwamba ukawa wazi, linakuja linaondoka, ndani hamna hata hela ya sukari. Na pweza jike huzaa mara moja tu, akishalinda mayai yake mpaka yakaanguliwa ndo anakufa, kwahiyo ukimla hajazaa ushakata ukoo.

Nkamwita kijana anaehudumia, nkamuuliza kwa upole tu, huyu pweza katoka wapi? Hajui. Na jodari je, wa mshipi au wa zile meli kubwa zinazotega maboya wakajikusanya chini yake halafu wanazolewa wote na watoto wao? Hajui, ngoja aulize jikoni. Karudi anatabasamu, "mpishi anasema ni endelevu kwa sababu hajawahi kukosekana."

Shemeji alicheka mpaka wasabi ikampalia. Mie sikucheka.

Na humohumo wanauza unagi! Yule mkunga wa maji baridi hata hao wanaofugwa karibu wote huokotwa porini wakiwa vitoto, kumzalisha kwa wingi kibiashara bado ni kazi, wa Japani kaingizwa orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2014 na wa Ulaya hali yake mbaya zaidi. Halafu kobe kachorwa juu anachekelea.

Msije mkasema nachukia sushi, jodari wa mshipi alotoka Nungwi alfajiri mie namla mbichi na naongeza sahani. Muulizeni mchuuzi kavua nani, wapi, kwa chombo gani, muandike ubaoni kama mnavyoandika bei. Na vitoto vya pweza mkivikataa nyinyi mchuuzi nae hatovipokea pwani.

Jana usiku nkamhadithia mama. Kaniuliza swali moja tu, mwamba wetu bado umefungwa na wa jirani umefungwa, sasa hicho kitoto kimechokolewa wapi? Anaejua aseme.