Keji ichomelewe kwenye chesisi au ibaki kwenye bodi? Tuambiane ukweli

Mkonge_Moto (mwanzisha mada)
Wadau, habari za jioni. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye mazoezi ya rali, barabara za mkonge huko nyuma ya Pongwe, hapa Tanga. Hilux ya mwenzetu ikapanda tuta la reli ya zamani ya tololi, ikabiringika mara mbili. Dereva katoka hai, alhamdulillahi, mkono tu ndio uko kwenye plasta. Ila nilipoingiza kichwa ndani nilishtuka. Mguu wa kulia wa keji (ile fremu ya mabomba inayomkinga dereva gari likibiringika) umetoboa sakafu kama kisu kwenye kopo la maziwa, umeshuka shubiri nzima. Kibati cha chini, kile cha kukalia mguu sakafuni, kilikuwa sawa na kiganja cha mtoto.

Sasa waandaaji wanataka gari zote za chesisi, zile ambazo bodi imekaa juu ya fremu yake (Hilux, Land Cruiser, Land Rover, zile Suzuki ndogo), keji ipite sakafuni ichomelewe kwenye chesisi yenyewe, la sivyo huingii. Mimi naunga mkono. Wengine wanasema ni kuwafukuza wanyonge. Mnaonaje?

NB: asiyejua tofauti ya bomba la maji na bomba la keji asome tu, asichangie.

Kombo_Gofu
Huo mstari wa mwisho unanilenga mimi, sema tu, usizunguke. Nimechomelea keji sita kwa GI, hilo bomba la maji lenye zinki, ya inchi moja na nusu, na hakuna aliyekufa.

Dada_Spana
Mjomba Kombo, hakuna aliyekufa kwa sababu hakuna aliyebiringika.

Kombo_Gofu
Haya, nifundishe. Kitabu chenu cha FIA, hao wakubwa wa mbio za magari duniani, kinataka bomba la milimita 45. GI ya inchi moja na nusu nje ina 48 na ushee. Kubwa ni lipi hapo? Hesabu mlisomea wapi?

Dada_Spana
Ukubwa si hoja, mjomba. Kiambatisho J, kifungu 253: tao kuu (la nyuma ya dereva) milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Na liwe bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi. GI ina mshono toka juu mpaka chini, ukilikunja unaomba Mungu mshono usikae upande wa nje. Halafu zinki. Wewe mwenyewe ukichomelea GI jioni unatetemeka homa, unatafuta maziwa. Huo moshi unaokupa homa ndio unaoacha vitobo kwenye mchomeleo.

Kombo_Gofu
Maziwa nakunywa kwa sababu nayapenda.

Mzee_Raskazone
Vijana, rali ya Safari ya kwanza mwaka 1952 magari yalizunguka mpaka huku Tanganyika, hakuna keji, hakuna helmeti, na watu wakarudi nyumbani.

Dada_Spana
Ni 1953, mzee wangu, ile ya kutawazwa Malkia. Shikamoo.

Mzee_Raskazone
Marahaba. Mwaka mmoja huo umenipunguzia nini?

Mtoto_wa_Sakina
Napita tu kutoka Arusha. Mbio za magari Tanga? Mji wa baiskeli? 😂 Keji ya nini sasa, mfunge kwenye Phoenix? Waja leo waondoka leo, hata gari hazipati muda wa kupinduka.

Binti_Ngamiani
Ewe wa Sakina, hiyo methali ni yetu, usiitumie kama umeiokota stendi. Bibi yangu kapanda baiskeli kutoka Deep Sea mpaka Maweni na tenga la samaki nyuma, na hakuanguka hata siku moja. Wako alipanda nini?

Mtoto_wa_Sakina
Wangu alipanda mlima.

Chuma_cha_Duga
Jamani, swali dogo. Siti na mikanda kwenye hiyo Hilux vilifungwa wapi? Keji ikienda na chesisi halafu dereva abaki na bodi, mmefanya nini?

Binti_Ngamiani
Alipanda mlima akashuka na majivuno tu. Hapa daktari anakwenda kazini kwa baiskeli, mwalimu kwa baiskeli, na hakuna anayeona haya. Nyie kwenu mtu akipata gari mkweche anahama mtaa.

Kombo_Gofu
Hapo umesema, mwanangu. Na fremu ya Phoenix ni bomba vilevile. Nimeziunga mia na zaidi.

Dada_Spana
Fremu ya baiskeli haibebi tani mbili zikiwa miguu juu, mjomba.

Kombo_Gofu
Hujaona mkaa unavyopakiwa kutoka Muheza.



Pwani_Vipuri
Nauza bampa la Prado, halina mkwaruzo. Karibuni faragha.

Landi_Kuukuu
Turudi kwenye mada. Mimi nilifanya hicho wanachotaka waandaaji. Land Rover yangu, keji imepita sakafuni, imechomelewa chesisi. Raba za bodi fundi hakuzigusa. Chesisi ikijipinda kwenye mashimo, bodi nayo inacheza kivyake juu ya raba, na keji katikati inawagombanisha. Miezi minne tu: kioo cha mbele kimepasuka mara mbili, mlango wa abiria haufungi mpaka uupige teke, na bati la sakafu limechanika kuzunguka kila bomba. Ukichomelea chesisi, raba zitoke uweke vipande vigumu, au matundu ya sakafu yawe mapana bomba lisiguse bati. Hilo tangazo la waandaaji halina hata neno moja juu ya raba.

Mkonge_Moto
Land Rover hiyo mlango ulikuwa unapigwa teke kabla hujazaliwa.

Landi_Kuukuu
Nimeandika aya nzima, wewe umeona mlango.

Dada_Spana
Landi ana haki. Na keji kukaa kwenye bodi si dhambi. Kinachotakiwa ni kibati cha maana: unene usiopungua milimita 3, eneo la sentimita za mraba 120, yaani kama 11 kwa 11, na bolti zisizopungua 3 kila mguu, M8 za daraja 8.8. Tena miguu ikae karibu na pale bodi inapofungwa kwenye chesisi. Kiganja cha mtoto si kibati, ni stempu.

Kombo_Gofu
Bomba lisilo na mshono naagiza Dar. Bei yake nikiitaja, mteja anavaa viatu. Halafu mnataka likunjwe baridi, mimi nakunja kwa mchanga na moto kama alivyonifundisha marehemu baba. Mnaoandika sheria, mashine ya kukunjia mtaninunulia?

Mtoto_wa_Sakina
Huku tunayo. Leteni kwa baiskeli.

Binti_Ngamiani
Wallahi huyu ana hamu na sisi.

Mzee_Raskazone
Mashine moja ya kuchangia inatosha mji mzima. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 na Volvo, gari lililokuwa na watu nyuma yake.

Mkonge_Moto
Mzee, Volvo ile haina chesisi ya ngazi. Si mfano wake.

Mzee_Raskazone
Mimi nimezungumzia watu.

Chuma_cha_Duga
Nauliza mara ya pili. Siti na mikanda vilifungwa wapi?

Pwani_Vipuri
Bampa bado lipo.

Mkonge_Moto
Chuma, samahani, lilinipita. Nimetoka gereji sasa hivi (kwa baiskeli, Sakina acheke). Siti imefungwa kwenye bati la sakafu. Mikanda imefungwa kwenye keji. Sakafu ilipochanika siti imeinama nayo kuelekea mlangoni, mikanda imebaki ilikokuwa, umbali wa mkono mzima kutoka pale bega lilipokwenda. Mlango una damu kwenye kitasa. Chesisi yenyewe haijapinda hata kidogo, nimeipima kwa kamba pande zote mbili.

Chuma_cha_Duga
Ndiyo hiyo. Hata mngechomelea chesisi, siti ingekwenda na bati.

Mkonge_Moto
Nitawaandikia waandaaji upya. Mjomba Kombo, lile neno la NB nimelifuta. Hilux nayo inahitaji reli ya siti itoke kwenye keji. Unaweza?

Kombo_Gofu
Lete kesho saa mbili kabla jua halijawa kali. Bomba njoo nalo mwenyewe, la mshono sitaki kuliona. Na maziwa.