Ukoo wa Bi Zuhura (London na Unguja)

Salma 09:12: Asalaam aleikum. Jumamosi Albert Hall, saa moja na nusu usiku. Konseto ya Ravel (piano na okestra), halafu Simfoni ya 5 ya Shostakovich. Tiketi za kusimama zinauzwa siku ile ile asubuhi, kwa hiyo nataka hesabu LEO.

Salma 10:40: Tiki za bluu naziona.

Khamis 11:03: Kusimama usiku kucha? Hata maulidini tunakaa.

Mwanaidi 11:05: 😂😂

Salma 11:06: Konseto yenyewe haifiki dakika 20. Ya mkono wa kushoto tu. Wa kulia haugusi piano mwanzo mpaka mwisho.

Khamis 11:08: Bibi angemchapa huyo. Kushoto kuna kazi zake 😂

Mwanaidi 11:09: Tukitaka kumtunza tumpe mkono gani?

Salma 11:10: Hakuna kutunza! Hesabu jamani, mpaka sasa niko peke yangu.

Mama Mdogo Fatma 14:20: Fidla zipo?

Salma 14:21: Tele. Ila inaanzia chini kabisa, mabesi yananguruma kama mvua iko mbali, ndiyo piano inaingia peke yake. Ukifumba macho utaapa ni mikono miwili.

Khamis 14:30: Na kinanda cha nyumbani kiko wapi? Au tusiulize?

Mwanaidi 14:31: Khamis, tulishasema.

Salma 14:31: Sikukiuza mimi.

Khamis 14:32: Nimekutaja?

Ami Salim 17:48: Mwaka wa pili huu nakula kwa kushoto. Bibi yenu angenichapa na mimi?

*Khamis amefuta ujumbe huu*

Mwanaidi 17:55: Shikamoo Ami.

Khamis 18:10: Shikamoo Ami. Nisamehe.

Ami Salim 18:31: Marahaba. Salma, aliyetungiwa alikuwa na nini?

Salma 18:33: Paul Wittgenstein, mtu wa Vienna. Alipigwa risasi vitani 1914, mkono wa kulia ukakatwa. Akarudi kwenye piano na uliobaki. Aliiagiza mwenyewe kwa Ravel, akaipiga Vienna Januari 1932. Wakagombana, maana alibadilisha noti.

Ami Salim 18:40: Alikuwa na haki. Mkono wake.

Ami Salim 18:44: Nikatieni ya kiti, kusimama siwezi. Na kinanda nilikiuza mimi. Mwacheni Salma.

Salma 19:30: Sawa Ami. Viti vimebaki viwili, haviko pamoja. Nani atachukua kile kingine, awe na Ami? Khamis, gari lako zima?

Salma 21:15: Khamis?

Mama Mdogo Fatma 06:52: Jumamosi hii au ijayo? Hii tuna hitima.