Wataalamu wa maabara: rangi gani inatofautisha bakteria wa TB walio hai na waliokufa?

Kioo_cha_Mbele (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Nipo maabara ya kituo cha afya, kazi yangu kubwa ni makohozi. Kuna rangi ya kupaka kwenye slaidi ikanionyesha bakteria wa TB walio hai tu? Kaboli fuksini, rangi yetu nyekundu ya kila siku, inashikwa na nta ya ukuta wao, na ukuta unabaki hata bakteria akishakufa, kwa hiyo mzima na mfu wote wekundu. Naomba jibu mapema, usingizi sipati.

Mzee Hadubini
Umenikumbusha mbali, kijana. Daktari Mjerumani Robert Koch alipomtangaza huyu bakteria Berlin, Machi 24, 1882, alimpaka methilini bluu kwa karibu siku nzima. Mwaka uleule Ehrlich akaonyesha kuwa rangi ikishaingia, tindikali haiitoi. Ziehl akaleta asidi ya kaboliki, Neelsen akaioanisha na fuksini, ndiyo ZN yetu hii. Sisi tulipasha slaidi kwa pamba yenye spiriti mpaka mvuke utoke. Nilienda kuposa na vidole vyekundu, wakwe wakadhani nimetoka kuchinja.

Tanga Raha
Nimeona "rangi" nikaja mbio kuuliza bei ya ndoo ya lita ishirini. Samahanini.

Chausiku
Mzee wangu shikamoo, ila hakuuliza historia. Mleta uzi, mgonjwa yuko mwezi wa ngapi wa dawa?

Kioo_cha_Mbele
Wa tano. Kwa auramini, ile rangi ya kung'aa, vijiti vya bakteria viling'aa, nikapaka ZN kuhakikisha, nikapata 1+, yaani chanya ya kiwango cha chini. Lakini uzito umepanda, homa hana, dawa anameza. Vijiti vyenyewe vimepauka na kukatikakatika. Naamini ni mizoga tu.

Chausiku
Mgonjwa ni nani kwako?

Kioo_cha_Mbele
Hilo lina uhusiano gani na rangi?

Chausiku
Lina uhusiano na usingizi wako.

Kioo_cha_Mbele
Ni mdogo wangu, tumbo moja. Amepata kazi Muscat, mkataba umeshasainiwa. Majibu sijayaandika kwenye rejista. Sifichi, nasubiri uhakika. Nikiandika chanya mwezi wa tano, inahesabika matibabu yameshindwa, anaanza safari nyingine kabisa ya dawa. Wao Ghuba watampiga picha ya kifua hata hivyo, si watajionea wenyewe? Nikipata rangi ya kuthibitisha kuwa wamekufa, kosa liko wapi?

Mama Wawili
Kosa liko kwa anayelala naye chumba kimoja. Marehemu mume wangu alijisikia nafuu akaacha dawa, sisi tukafurahi anakula. Iliporudi ilirudi na usugu. Kaka, undugu usikufumbe macho.

Jicho la Tatu
Jamani, hii chai. Mwanzo bakteria wekundu, sasa viling'aa. Auramini inang'aa njano ya kijani kwenye giza, fuksini ni nyekundu juu ya bluu. Slaidi moja inakuwaje zote mbili? Halafu mdogo mtu, Muscat, mkataba… Huyu anatunga hadithi, subirini sehemu ya pili.

Kioo_cha_Mbele
Natunga ili nipate nini? Mimi nipo hapa natetemeka, wewe unaniita muongo.

Fundi Lenzi
Jicho la Tatu, hapo umeteleza. Slaidi ya auramini unaweza kuirudia kwa ZN, ni njia ya kawaida ya kuhakiki. Ukianza na ZN ndiyo huwezi kurudi kwenye auramini. Hadithi yake inasimama.

Sasa mleta uzi. Slaidi yako ulishaipitisha motoni, na moto unachana utando wa bakteria. Rangi ya propidiamu iodaidi huingia palipochanika, kwa hiyo hapo itawapaka wote kama wafu. Kupauka na kukatika hakuthibitishi kifo. Ipo fluoresini diasetati: haing'ai mpaka vimeng'enya vya bakteria aliye hai viivunje. Bangladesh waliitumia kuwagundua mapema wenye usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Lakini inataka makohozi mabichi, ipakwe kabla ya moto, na kinga ya kutosha kwa mpimaji.

Na kuna moja inanipa fahari. Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi, akiwa na Carolyn Bertozzi aliyepata Nobel ya kemia 2022, walitoa 2018 rangi iliyofungwa kwenye sukari ya trehalosi. Bakteria aliye hai anaichukua kama sukari yake, anaijengea utando wa nje, na humo kwenye mafuta ndimo inapowaka. Mfu hajengi, basi hawaki, na slaidi haihitaji kuoshwa. Ila haijafika kwenye kabati lako.

Usikimbilie mashine ya GeneXpert kukuambia hai au mfu, nayo inasoma DNA ya mizoga vilevile. Kinachojibu swali lako ni kuotesha bakteria maabara uone kama wanakua, pamoja na kipimo cha usugu wa dawa. Andika 1+ uliyoiona.

Mzee Hadubini
Na slaidi asome mwingine, asiambiwe ni ya nani. Jicho la kaka halisomi makohozi ya mdogo wake.

Kioo_cha_Mbele
Kuotesha ni wiki kadhaa. Kazi itakuwa imepotea.

Mama Wawili
Ipotee.

Jicho la Tatu
Mkuu, nimekuelewa. Nafuta neno chai.

Kioo_cha_Mbele
Wakuu, asubuhi hii mwenzangu amesoma bila kujua, naye kapata 1+. Nimeandika kwenye rejista na mratibu wa TB anajua. Mdogo wangu amekata simu. Makohozi mapya ameacha kwa mama.

Chausiku
Nyumbani kuna watoto chini ya miaka mitano?

Kioo_cha_Mbele
Wawili.

Chausiku
Waletwe leo wakachunguzwe, usisubiri majibu ya kuotesha.

Fundi Lenzi
Na kikombe kisikae juani. Gari la sampuli likichelewa, weka kwenye friji ya maabara, usigandishe. Kwenye fomu andika mwezi wa tano wa dawa, wasije wakakipokea kama cha mgonjwa mpya.