Ulinganisho: wapi pa kufunga lango la Intaneti ya Vitu kwenye mnara wa simu uliopo?

MitaZaMaji (mwanzisha mada)

Salaam kwenu nyote. Ninaandaa mtandao wa LoRaWAN (redio za nguvu ndogo zinazofika mbali) wa kusoma mita za maji zilizomo ndani ya mashimo yenye vifuniko vya chuma, na mwenye minara ya simu amekubali kutupa nafasi kwa sharti moja, kwamba huduma yake isiguswe kwa namna yoyote. Mnara wa kwanza una antena za sekta juu (kila moja hurusha upande mmoja tu), redio zake zimefungwa nyuma ya antena hizo, na chini kuna kabati lenye umeme na betri. Kutoka kabatini hadi mahali tulipoonyeshwa ni mita 40 za kebo.

Njia ninazozipima ni tatu. Njia ya kwanza ni kupandisha lango lenyewe, yaani kifaa kinachopokea ujumbe wa mita na kuupeleka kwenye Intaneti, juu, karibu kabisa na antena yake, na kulipatia umeme na data kwa kebo moja ya Etheneti. Ya pili ni kuliacha lango kabatini na kupandisha kebo ya koaksi hadi kwenye antena. Ya tatu, ambayo fundi mmoja aliniambia ndiyo nyepesi kuliko zote, ni kulifunga kwenye breketi ya redio ya simu na kuchukua umeme ule ule wa redio hiyo.

Ninaelekea kwenye njia ya kwanza kwa sababu ya upotevu ndani ya kebo. Koaksi ya nusu inchi hupoteza takribani desibeli 7 kwa kila mita 100 kwenye masafa ya karibu MHz 900, kwa hiyo kwa mita 40 tunapoteza karibu desibeli 3, yaani nusu ya nguvu ya mawimbi yaliyopokewa. Ile nyembamba ya milimita 10, ambayo ni rahisi kuikunja, hupoteza takribani desibeli 5 kwa mita 40 hizo hizo. Mita iliyo chini ya kifuniko cha chuma huzungumza kwa sauti dhaifu sana, na sipendi kuitupa nusu ya sauti hiyo kabla haijalifikia lango. Naomba maoni ya waliokwisha kuifanya kazi hii.

MpandaMinara

Ndugu mwanzisha mada, hesabu yako ya kebo ni sahihi, ila umeacha hesabu ya mtu atakayepanda. Kwenye mnara wa mwenyeji hupandi siku unayotaka wewe. Unaomba kibali, unasubiri, na mara nyingi redio za sekta iliyo karibu hupunguzwa nguvu au kuzimwa kwanza ili fundi asisimame mbele ya antena inayorusha. Lango likikwama kwa kosa dogo la programu, ambalo kabatini lingeondolewa kwa kuzima na kuwasha, juu linaweza kukaa kimya kwa wiki nzima.

Niliwahi kufunga lango juu likiwa na kadi ya kumbukumbu ya kuchomeka. Kadi iliharibika katika msimu wa joto, na kuibadilisha kulichukua dakika tano, baada ya kusubiri kibali siku kumi na moja. Tangu hapo, nikilazimika kufunga juu, natumia lango lenye kumbukumbu iliyochomelewa ubaoni, na kila bandari ya umeme wa Etheneti iwe inaweza kuzimwa na kuwashwa kutoka mbali. Bila masharti hayo mawili ningechagua njia ya pili na kuvumilia desibeli 3.

Kuhusu mahali penyewe, usiifunge antena ikigusana na mguu wa mnara. Itoe nje kwa mkono wa chuma wa mita moja au zaidi, kwa sababu mnara huweka kivuli upande wa pili. Kisha ugeuze kivuli hicho kuelekea kule ambako huna mita nyingi. Ukipewa kilele, fimbo ya radi lazima ibaki juu ya antena yako.

SikioLaMasafa

Wenzangu wamezungumzia upotevu na upandaji. Mimi naona jambo linaloamua ni umbali kati ya antena yako na zile za mwenyeji, tena umbali wa kwenda juu na chini. Njia ya tatu inashindwa hapa hapa, kabla hata hatujafika kwenye umeme.

Chukua mrushaji wa wati 40 kwa kila chaneli, kiasi cha kawaida kwenye kituo cha simu, yaani desibeli 46 juu ya miliwati moja. Lango lako linatarajiwa kusikia ishara iliyo karibu desibeli 137 chini ya miliwati moja. Kwa makadirio yanayotumika sana, antena mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine kwa umbali wa mita 3 hutengana kwa takribani desibeli 66 kwenye MHz 868. Umbali huo huo ukiwa wa ubavuni hutoa kama 41 tu, na hapo bado hujaondoa ongezeko la antena zenyewe (nguvu inayozidi upande antena inakoelekea) ikiwa zinaelekeana. Ukiongeza umbali wa wima mara mbili unapata desibeli 12 zaidi, lakini ule wa ubavuni ukiuongeza mara mbili unapata 6 tu. Ndiyo maana mita 3 au 4 chini ya kingo za antena za sekta ni mahali pema kuliko kuwa nazo kimo kimoja, hata kama pale juu unaona mbali zaidi.

Hata kwa desibeli 66, kipokezi chako bado kitapata ishara ya simu iliyo desibeli 20 tu chini ya miliwati moja, na hiyo inatosha kuyaziba masikio ya malango mengi. Kwa hiyo weka kichujio cha kaviti, yaani kisanduku cha chuma kinachopitisha masafa yako tu, kati ya antena na lango. Kitakula desibeli moja au mbili, na nakuomba usizihurumie. Pale bendi yako inapokuwa MHz 863 hadi 870, na simu zikirusha kwenye 925 hadi 960 na 791 hadi 821, kuna nafasi ya kutosha pande zote mbili na kichujio kinafanya kazi yake vizuri. Katika nchi zinazotumia 902 hadi 928 kwa vihisi kama mita zako na 869 hadi 894 kwa kurusha simu, pengo ni MHz 8 tu, na kichujio kinapaswa kuwa chenye ukingo mkali zaidi.

Kuna kitu ambacho kichujio chako hakiwezi kukiondoa, nacho ni kelele ya mrushaji wa mwenyeji inayoangukia ndani ya bendi yako yenyewe. Hiyo hupunguzwa kwa umbali, au kwa kichujio upande wa mwenyeji, jambo ambalo hatakubali. Vilevile kuna mchanganyiko wa mawimbi unaozaliwa kwenye bolti zenye kutu na viungo vilivyolegea mbele ya antena kubwa. Mwenyeji akirusha kwenye 928 na 958, mara tatu ya wimbi la kwanza ukitoa mara mbili ya la pili inakupa 868 kamili. Upande wake hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mara mbili ya 925 ukitoa 960 ni 890, na hapo ndipo anapozisikiliza simu za wateja wake. Breketi yako moja iliyofungwa ovyo yaweza kuwa sababu ya kuamriwa ushuke mnarani. Tumia chuma kilichopakwa zinki kwa moto au kisichoshika kutu, kaza bolti kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji, na usivuke mbele ya sura ya antena zake hata kwa kebo.

Mtu akikushauri utumie antena ya mwenyeji kupitia kiunganishi, mkatalie kwa heshima. Antena za sekta zimeinamishwa chini na kila moja hufunika sehemu tu ya duara, na mwenyeji mwenye busara hataruhusu kiungo cha mgeni kwenye njia yake ya mawimbi.

Volti48

Naunga mkono hoja ya kuikataa njia ya tatu, lakini kwa sababu ya umeme. Umeme wa redio za simu ni volti 48 zenye upande chanya uliounganishwa na ardhi. Vifaa vingi vya mtandao hudhani kwamba upande hasi ndio wa ardhi. Ukiunganisha moja kwa moja kwa kutazama namba 48 peke yake, unaweza kufanya mzunguko mfupi kupitia ganda la lango na chuma cha mnara, na fyuzi itakayokatika ni ya redio ya mwenyeji. Weka kigeuzi chenye utengano kamili kati ya ingizo na tokeo, hapo kabatini, kwenye swichi yako mwenyewe ya kukatia. Wapo pia wanaotamani waya zinazoendesha mota za kuinamisha antena, kwa kuwa zina umeme wa volti 10 hadi 30 na ziko karibu. Waya hizo si za kulishia mgeni, na hitilafu yako itamnyima mwenyeji uwezo wa kurekebisha antena zake.

Lango la wati 5 hutumia wati-saa 120 kwa siku, kiasi kidogo kwenye betri za kituo. Hata hivyo uliza umewekwa kwenye tawi lipi, kwa sababu umeme wa gridi ukikatika na betri zikishuka, matawi yasiyo ya lazima hukatwa kwanza, na lango lako litazimika saa nyingi kabla ya simu. Umeme wa Etheneti wa aina ya kwanza (kiwango cha 802.3af) hutoa wati 15.4 kwenye chanzo na karibu 13 kwenye kifaa, nao unatosha mradi kebo isizidi mita 100.

Kinga ya radi kwa kebo ya Etheneti iwekwe mwanzoni na mwishoni, si upande mmoja. Ganda la lango, kinga na mkono wa chuma viunganishwe na mfumo wa ardhi wa mnara uliopo; usichimbie nguzo yako ya ardhi pembeni bila kuiunganisha na ule mfumo, kwa maana radi itakapopiga, tofauti ya volti kati ya ardhi hizo mbili itapita ndani ya vifaa vyako.

NguzoFupi

Ningependa kuongeza njia ambayo haikutajwa. Kwa mita zilizo mashimoni, mimi nilipata matokeo bora kwa kufunga malango kwenye nguzo za taa zenye vituo vidogo vya simu, mita 7 kutoka ardhini, kuliko kwenye mnara mrefu. Mnara husikia mbali, lakini husikia pia kelele na vihisi vya watu wengine vya mbali, na ujumbe hugongana hewani kwa kuwa vihisi havipeani zamu. Bila shaka nguzo ni nyingi na kila moja ina kibali chake.

MitaZaMaji

Nawashukuru kwa dhati. Nimebadili mpango. Lango litakuwa mita 4 chini ya antena za sekta kwenye mkono wa mita moja na nusu, likiwa na kichujio, na umeme wake utatoka kwenye kigeuzi kilichotengwa kabatini. Nimebaki na swali moja. Mwenyeji hataki nitumie mtandao wake wa ndani, kwa hiyo nimewaza kutumia modemu ya simu iliyomo ndani ya lango. Je, kuna hatari?

SikioLaMasafa

Ipo, na wengi hawaioni. Modemu ikichagua bendi ambayo simu hurushia kwenye 832 hadi 862, itakuwa inarusha sentimita chache kutoka kwenye kipokezi kinachoanzia 863. Ifungie kwenye bendi ya 1800 au ya juu zaidi, na antena yake itoke nje ya ganda. Kisha, kabla hujakaza bolti ya mwisho, sikiliza bendi yako kwa kipima masafa saa 24 nzima kwa kutumia antena na kichujio vile vile utakavyoviacha pale, kwa sababu kituo cha simu kisichokuwa na wateja usiku wa manane hakifanani na kile kile saa moja jioni.