TDA2030 mbili zimeniungulia ndani ya siku mbili. Wapi Kariakoo wanauza orijino?

Kijana wa Buza:
Habari za jioni wakuu. Nimejenga ampu ya IC (chipu) mbili za TDA2030, moja kushoto moja kulia, kwa mikono yangu mwenyewe. Imepiga wiki mbili safi kabisa, mpaka jirani akaja kuniuliza nimeinunua wapi. Juzi kushoto kukaanza kuunguruma, mara pwaa! Nikabadilisha. Jana nimewasha, hata sauti sijaongeza, kulia nako kukaondoka. IC imepasuka kama ganda la karanga, ina kitobo pembeni ya mguu wa tano, na chumba mpaka leo kinanuka. Nilizinunua kwa machinga, nahisi ni feki. Wapi wanauza orijino? Jumamosi nina shughuli. Nawasilisha.

Chumvi Mingi:
Mkuu, sabufa zimejaa madukani, zina bluetuthi na sehemu ya flashi. Wewe bado unahangaika na chipu za enzi za kaseti?

Mzee wa Daiodi:
Feki zipo, kijana. Wanafuta maandishi na kuandika upya. Lakini IC haipasuki tu kabla hujagusa sauti. Lile bati la mgongoni limeungana na mguu wa tatu, yaani hasi. Ukilikaza kwenye hitisinki (chuma cha kupozea) inayogusa kasha la chuma bila kuweka maika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme, umeshapiga shoti. Maika uliweka? Na trans (transfoma) ni ya volti ngapi?

Kijana wa Buza:
Maika nimeweka mzee wangu, na girisi nyeupe juu yake. Trans ni ya kawaida tu. Mimi shida yangu ni duka.

Risasi Moto:
Mmenikumbusha mbali. Mimi nilianza na LA4440 ya Sanyo, niliing'oa kwenye redio ya gari lililogongwa. Miguu 14, betri ya gari inaitosha, hakuna habari za chanya na hasi kutoka trans. Spika nikaifunga kwenye debe la mafuta ya kula. Siku ya kwanza nimewasha, marehemu baba akanyanyua macho kwenye gazeti akasema, "Punguza." Sijawahi kusifiwa vile tena.

Mzee wa Daiodi:
Kawaida ni volti ngapi?

Kijana wa Buza:
18-0-18, yaani volti 18 kila upande wa sifuri. Na kabla hamjanirukia, karatasi ya kiwanda nimeisoma. TDA2030 mwisho wake 36. Kumi na nane na kumi na nane ni 36. Hesabu imetimia.

Mzee wa Daiodi:
Hizo 18 ni za AC, umeme wa kwenda na kurudi. Zikishapita kwenye daiodi na kujaa kwenye kapasita zinapanda. Zidisha kwa 1.41, toa kidogo cha daiodi, unabaki na karibu 25 kila upande. Jumla inakaribia 50! Hata ile TDA2030A mwisho wake ni 44. Hukuifunga IC, uliipeleka machinjioni. Na kapasita zako kama zimeandikwa 25V, usizikaribishe uso.

Kijana wa Buza:
Nimeshaliona hilo. Nimenunua resista za wati 10 niziweke njiani zipunguze volti. Pasi ya kulehemu iko motoni hapa tunapoongea, usiku huu nazifunga.

Mzee wa Daiodi:
Zima pasi. Resista inakula volti pale umeme unapopita. Ampu ikiwa kimya inavuta kiduchu sana, kwa hiyo IC itazipata karibu zote. Ya jana si ilikufa hujaongeza sauti?

Tabata Line:
Wakuu, mbona mnanyweshwa chai mchana kweupe? Kwa volti hizo IC ipige wiki mbili "safi kabisa", jirani aje kusifia? Na picha hamna. Jamaa anatupikia.

Chumvi Mingi:
Nimekuja na vitumbua.

mama_Twaha:
Hata mimi nimewaza hivyo. Mdogo wangu, kuna kitu hujakisema.

Kijana wa Buza:
Sio chai jamani. Wiki mbili zile nilikuwa na trans ya 12-0-12 ya kuazima, mwenyewe akaidai. Hii ya 18 nimeitoa kwenye ampu ya zamani ya Kijapani yenye IC ya STK, niliyoletewa nitengeneze. STK yenyewe imekufa na orijino ni shida kupata, kwa hiyo trans ilikuwa imekaa tu haina kazi.

mama_Twaha:
Umeletewa na nani?

Kijana wa Buza:
Baba mkwe.

Chumvi Mingi:
😂😂😂 Na shughuli ya Jumamosi?

Kijana wa Buza:
Sendofu ya shemeji. Hapo hapo kwa mzee. Diji kaghairi, mama watoto akawaambia kwao kwamba mume wake ana muziki.

mama_Twaha:
Yaani umemng'olea mzee wa watu moyo wa redio yake, halafu unakwenda kumpigia nao uani kwake. Mkwe ni wa kuheshimiwa, jamani. Mimi wangu alivunja kikombe tu kwetu, mpaka leo baba anakitaja.

Risasi Moto:
Na wati 14 kwa sendofu? Wakipiga vigelegele imekwisha hiyo.

Mzee wa Daiodi:
Tuache ya ukweni. Una njia mbili. Tafuta tena 12-0-12, itakupa kama 16 kila upande na TDA2030 zako zitaishi. Au ung'ang'anie trans ya mkweo, ila ufunge LM1875. Miguu imepangwa vilevile na inabeba mpaka 60 jumla. Kapasita weka za 35V au zaidi. Ukiwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60, ndipo uingie kwenye trans. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa. Pima kwanza.

Kijana wa Buza:
Nimetoa IC nikapima: 25.3 na 25.1. Heshima kwako mzee. LM1875 nazifuata kesho asubuhi, na Jumapili naichomoa trans nairudisha kwenye redio ya watu kimya kimya.

Kijana wa Buza:
Wakuu, baba mkwe kapiga simu sasa hivi, anauliza redio yake imefikia wapi.

mama_Twaha:
Ukamjibuje?

Kijana wa Buza:
Nimemwambia trans imeungua, naitafutia nyingine.

Tabata Line:
Chai si niliinusa? Nilikosea mnywaji tu.