Je, gari la umeme linamfaa dereva wa kila siku Nairobi?

Mkazi wa Rongai:
Wadau, naomba ushauri kabla sijagusa akiba yangu. Nimepata Nissan Leaf ya mtumba yenye betri ya kilowati-saa 24. Siku za kazi husafiri kutoka Rongai hadi Upper Hill na kurudi, mwendo usiozidi kilomita 50, na mara mbili kwa mwaka huenda nyumbani Kakamega. Nimepanga nyumba ghorofa ya tatu. Je, litanifaa, au nibaki na petroli?

Dereva wa Syokimau:
Ndugu, huu ni mwaka wangu wa tatu na gari la aina hiyo hiyo. Kwa safari za kazini sina lalamiko, kwa kuwa foleni inayokula petroli hata mkiwa mmesimama hailigusi sana gari ambalo mota yake haizunguki likisimama. Ila ichunguze betri kabla ya kulipa hata shilingi moja. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, hivyo betri huchakaa upesi penye joto. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo wake uliobaki, si chaji iliyomo, na kikishapotea kimoja, betri haijirudishi. Langu limebaki na tisa, nalo hunipa kilomita 90 hivi kwa chaji moja. Kakamega nenda kwa basi.

Fundi wa umeme:
Swali kubwa halijaguswa: utachaji wapi? Tafadhali usiteremshe waya wa nyongeza kutoka ghorofa ya tatu, kwa maana kuchaji huvuta mkondo mkubwa kwa saa nyingi mfululizo, na waya mwembamba hupata moto hadi ukayeyuka. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kufunga soketi yenye saketi yake na mita ndogo pale unapoegesha; soketi ya kawaida huingiza takriban kilowati 2, na usiku mmoja unatosha kwa safari yako ya kesho. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi, lakini hudai mita yake pekee, na wapangaji wengi hawaifikii. Hilo linaniuma, kwa sababu usiku huo huo mvuke wa ardhini wa kuzalishia umeme kule Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa watumiaji.

Mkazi wa Rongai:
Asanteni sana. Sitalipa chochote kabla ya kuhesabu vijistari hivyo, na Jumamosi nitazungumza na mwenye nyumba. Akikataa soketi, gari nitaliacha.